Amua Kungali Mchana: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Moyo Wakati wa Mlipuko

Juni 2020 nilimkuta shangazi yangu amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye mito mitatu, wembe mkononi. Mbele yake palikuwa na sinia, na juu ya sinia alikuwa akikata vidonge vyake vya moyo nusu kwa nusu. Kidonge kikivunjika vibaya, aliuokota unga wake kwa ncha ya kidole akauramba. "Nazipunguza ili zinifikishe mpaka korona iishe," aliniambia. Siku yake ya kliniki ilikuwa imepita wiki tano. Miguu alikuwa ameifunika kwa khanga. Nilipoifunua nikabonyeza juu ya kifundo, kidole changu kiliacha shimo, na shimo lile halikujaa upesi.

Shangazi si mjinga, wala hakuwa mkaidi. Alikuwa amepiga hesabu yake: huku kuna ugonjwa wa moyo anaoujua kwa miaka kumi na moja, kule kuna ugonjwa mgeni unaoua watu kwenye taarifa ya habari kila jioni, na njia ya kwenda kliniki inapita katikati ya huo wa pili. Akachagua kubaki nyumbani. Wengi walichagua hivyo, na wengine hatunao tena.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye presha ya kupanda, moyo uliopanuka, vali iliyoharibika, au uliyewahi kupata mshtuko wa moyo. Ni wako pia wewe unayemuuguza mtu wa aina hiyo. Korona imetulia, lakini milipuko haijaisha. Uganda ilipata Ebola mwaka 2022. Kagera ilipata Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Utakapokuja mlipuko mwingine, hofu itakuja nayo. Ninachokuomba ni kimoja: mambo yatakayohitaji uamuzi usiku wa manane, kifua kikiwa kimebana, yaamue sasa hivi mchana, ukiwa umetulia, na uyaandike.

KWANZA, KWA NINI KUCHELEWA KUNAUA

Machi 2020 madaktari wa Italia waligundua jambo la kutisha. Wagonjwa wa mshtuko wa moyo walikuwa hawaji. Katika wiki moja ya mwezi huo, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo katika vitengo vya moyo vilivyochunguzwa nchini humo walipungua kwa 48.4% wakilinganishwa na wiki kama hiyo mwaka 2019. Si kwamba mshtuko ulikuwa umepungua kiasi hicho. Watu walikuwa wamebaki nyumbani na maumivu yao, na waliofika walifika wamechelewa: miongoni mwa wale ambao mshipa wa moyo ulikuwa umeziba kabisa, vifo vilipanda kutoka 4.1% hadi 13.7%. Uingereza nako, kufikia mwisho wa Machi, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na maumivu yanayoutangulia walikuwa wamepungua kwa asilimia 40. Hong Kong, katika hospitali moja, muda wa kati tangu maumivu kuanza hadi mgonjwa kuonana na mhudumu wa afya ulirefuka kutoka dakika 82 hivi hadi zaidi ya saa 5. Wagonjwa waliohesabiwa huko walikuwa wachache, lakini picha ilikuwa ile ile.

Kwetu vizuizi vilikuwa vya namna yake. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia 27 Machi 2020, na mgonjwa aliyezidiwa saa mbili usiku alilazimika kufikiria polisi kabla ya kufikiria daktari. Uganda ilipiga marufuku magari ya binafsi mwishoni mwa mwezi huo huo, na mgonjwa alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya ili asafirishwe. Tanzania haikuwafungia watu ndani, lakini minong'ono ilitosha: ukienda na kikohozi utatengwa, ukifa hutaoshwa na watu wako, utazikwa na wageni waliovaa nguo nyeupe. Mwenye hofu ya namna hiyo usimcheke. Kuzikwa na watu wako ni jambo zito kwetu.

Sasa tazama upande wa moyo. Mshipa unaolisha msuli wa moyo ukiziba, msuli huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na huendelea kufa saa baada ya saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, au kuzibua mshipa kwa mrija mwembamba, huokoa msuli mwingi zaidi katika saa 2 au 3 za mwanzo. Baada ya saa 12 faida imebaki ndogo sana. Msuli uliokufa hauoti tena. Ndiyo maana mtu anaweza kupona mshtuko, kisha akaishi miaka iliyobaki akihema kwa kupanda ngazi tano.

KAZI YA LEO: KARATASI YA UKUTANI

Chukua karatasi moja na kalamu yenye wino mweusi. Usiandike kwenye simu peke yake, maana simu huisha chaji, na aliye karibu nawe huenda hajui namba yako ya siri.

1. Andika jina lako, mwaka wa kuzaliwa, na ugonjwa wako kama ulivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Usiandike "moyo" tu. Kama hujui jina kamili, siku ya kliniki mwombe daktari akuandikie.

2. Andika kila dawa, uzito wake wa miligramu, na saa unayoimeza. Iandike kama ilivyo kwenye pakiti, kwa sababu "kile cheupe cha asubuhi" hakimsaidii daktari wa zamu.

3. Andika dawa zinazokudhuru, kama zipo.

4. Andika hospitali mbili: ya karibu inayofanya kazi usiku na yenye kipimo cha umeme wa moyo, na kubwa ambako una faili. Tanzania wengi wana faili Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, lakini kama uko Handeni usiku na kifua kimebana, unapokwenda kwanza ni hospitali ya karibu. Wao ndio watakaokuanzishia dawa na kukupa rufaa.

5. Andika watu watatu wenye usafiri, na namba zao. Waulize leo, uso kwa uso: "Nikizidiwa saa nane usiku, utanichukua?" Anayesitasita mshukuru na utafute mwingine.

6. Andika namba ya dharura ya eneo lako, kisha ipige mchana mmoja uone kama inapokelewa.

7. Chini kabisa andika sentensi hii kwa herufi kubwa: NIKIPATA DALILI HIZI NIPELEKENI HATA NIKIKATAA. Tia saini mbele ya mtu unayeishi naye.

Hatua ya saba ndiyo watu huiruka, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Mgonjwa aliyezidiwa karibu kila mara husema "subirini kidogo." Saini yako ya mchana ndiyo itakayowapa wanao ujasiri wa kutokukusikiliza usiku.

Bandika karatasi mahali panapoonekana na mgeni. Nyuma ya mlango tundika mfuko wenye nakala yake, kadi ya kliniki, kadi ya bima, barakoa mbili, dawa za siku tatu na nauli.

KISANDUKU: DALILI ZISIZOSUBIRI ASUBUHI

☐ Kifua kubana, kulemewa au kuungua kwa zaidi ya dakika 10, hasa maumivu yakienda kwenye taya, bega, mkono au mgongo
☐ Jasho jembamba la baridi, kichefuchefu au kutapika pamoja na uchovu wa ghafla
☐ Kushindwa kupumua ukilala chali, au kuamka usiku ukitafuta hewa
☐ Kuzirai, au moyo kwenda mbio bila mpangilio na kizunguzungu
☐ Mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kukorogeka: hiki ni kiharusi
☐ Uzito kupanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, na miguu au tumbo kuvimba (kama unapumua vizuri, piga simu kliniki siku hiyo hiyo, kama unahema, nenda)

Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua. Huhisi uchovu usioelezeka, kuhema, au tumbo kuungua juu ya kitovu. Hapo ndipo kosa kubwa la mitaani kwetu hutokea: mgonjwa hujiambia ni vidonda vya tumbo au gesi, hupewa maziwa au dawa ya kiungulia, hulazwa kitandani. Kiungulia cha mgonjwa wa moyo kinachokuja pamoja na jasho si cha kutibiwa kwa maziwa.

NI WASIWASI AU NI MOYO?

Swali hili ni gumu, na sitaki kukudanganya kwamba jibu lake ni jepesi. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, viganja hutoa jasho, kifua hubana. Kwa mtu mwenye moyo mzima hali hiyo hupita. Wewe unayejua moyo wako una kasoro, kila pigo linalokwenda mbio linakuongezea hofu, na hofu inaongeza mbio. Wakati wa korona mzunguko huu uliwazungusha watu mchana na usiku.

Kuna tofauti zinazosaidia. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka. Mara nyingi huja na ganzi ya vidole na kandokando ya midomo, na hupungua ukipumua taratibu. Maumivu ya moyo mara nyingi huletwa na kutembea, kubeba au kupanda mlima, hukaa kama uzito, na hayajali unawaza nini.

Lakini tofauti hizi ni za kukupa mwanga, si za kukupa hukumu. Hata daktari aliyebobea hatoi hukumu bila kipimo cha umeme wa moyo na damu. Kwa hiyo shika kanuni hii:

Hali ikiwa mpya kwako, au kali kuliko ilivyozoeleka, au imepita dakika 10 bila kupungua, ihesabu kuwa ni moyo na uondoke. Ukifika ukaambiwa ni wasiwasi, umerudi na habari njema. Usione haya. Wahudumu wa dharura wangependa wakurudishe nyumbani mara tano ukiwa mzima kuliko wakupokee mara moja umechelewa.

DAKIKA 10 ZA KWANZA

1. Acha unachofanya. Kaa chini, mgongo umeegemea, magoti yamekunjwa. Usilale chali kama unahema.

2. Ita mtu kwa sauti. Usijifungie chumbani kwa kuhofia kuwaamsha watoto.

3. Kama daktari alikuandikia dawa ya kuweka au kupuliza chini ya ulimi, itumie ukiwa umekaa, kwa kuwa hushusha presha ghafla. Dakika 5 zikipita maumivu yangalipo, safari ianze. Onyo: usiitumie kama umemeza dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku mbili zilizopita. Mwambie daktari ukweli huo bila kuficha.

4. Kama dalili ni za mshtuko wa moyo, tafuna aspirini ya miligramu 300, au vidogo vinne vya miligramu 75. Tafuna, usimeze kizima. Usiitumie kama inakudhuru, kama unatapika damu au unapata choo cheusi, au kama dalili ni za kiharusi. Kama unatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, uliza kwanza kwa simu.

5. Mtu wa pili apige simu kwa usafiri na kwa hospitali. Maneno yawe machache: "Shikamoo dokta. Naleta mgonjwa wa moyo, mama wa miaka 62, kifua kimebana tangu saa saba usiku, anatoa jasho. Anatumia dawa hizi. Tuko njiani, tutafika baada ya dakika 20."

6. Usiendeshe gari mwenyewe, wala usipande bodaboda ukiwa peke yako nyuma ya dereva. Ukizirai utaanguka. Kama bodaboda ndiyo usafiri pekee, mtu mzima akae nyuma yako akushike.

7. Mgonjwa akianguka, haitiki na hapumui kama kawaida, mlaze sakafuni, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5 au 6. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa hewa mfunike pua na mdomo kwa kitambaa chepesi, uache kumpulizia kinywani, ila usiache kukandamiza. Pokezaneni, maana inachosha.

Kosa la kawaida: kile kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Watu wengi walikinunua mwaka 2021, na ni kizuri kwa mapafu. Ukisoma chini ya 94 piga simu, chini ya 90 nenda mara moja. Lakini kikisoma 98 hakimaanishi moyo uko salama. Mshipa wa moyo unaweza kuziba na kidole kikasoma 98.

DAWA: MAHALI AMBAPO HOFU HUFANYA KAZI KIMYAKIMYA

Mshtuko wa moyo una kelele zake. Dawa iliyokatwa nusu haina kelele, nayo hulaza watu wodini wiki tatu baadaye.

Mwanzoni mwa 2020 uvumi ulienea kwamba dawa za presha za kundi la enalaprili na losatani humfungulia kirusi mlango wa kuingia mwilini. Uvumi huo ulitoka kwenye wazo la kisayansi ambalo lilikuwa halijapimwa, nao ukatembea kwenye vikundi vya WhatsApp kama ukweli. Vyama vya madaktari wa moyo vilisema mapema kwamba wagonjwa waendelee. Baadaye utafiti wa BRACE CORONA uliofanyika Brazil, uliochapishwa Januari 2021, uliwagawa wagonjwa wa korona waliokuwa wakitumia dawa hizo: wengine wakasimamishiwa, wengine wakaendelea. Waliosimamishiwa hawakupata nafuu yoyote zaidi ya wenzao. Wakati huo, waliokuwa wameziacha nyumbani kwa kusikia tu, presha zao zilishapanda.

Kwa hiyo:

Usiache dawa ya moyo kwa habari ya mtandaoni, hata ikiwa imetumwa na mtu unayemheshimu. Piga simu kliniki. Usikate dozi ili ikufikishe mbali. Dawa za kundi la atenololi na bisoprololi zikikatwa ghafla moyo huenda mbio kuliko mwanzo na maumivu ya kifua yanaweza kurudi. Ile ya kupunguza maji, furosemaidi ambayo wengi huiita Lasix, ukiiruka siku mbili tatu maji hurudi miguuni, kisha mapafuni. Ndicho kilichokuwa kinampata shangazi yangu. Ile mito mitatu ilikuwa ni mapafu yanayoomba nafasi.

Kama tatizo ni pesa, sema pesa. Wagonjwa wengi husema "nilisahau" kwa kuona haya. Daktari akijua kwamba huwezi kununua, anaweza kukuandikia dawa ya kundi hilo hilo iliyo nafuu, au ile isiyo na jina kubwa la kiwanda. Akidhani unameza kila siku, ataongeza dozi.

Hesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya siku 14, anza kutafuta vingine. Mlipuko ukianza kutangazwa, omba kliniki ikuandikie vya miezi miwili au mitatu kwa pamoja, na uulize kama ndugu anaweza kuchukua dirishani kwa niaba yako akiwa na kadi yako.

KISANDUKU: YANAYOMDHURU MGONJWA WA MOYO WAKATI WA MLIPUKO

• Diklofenaki na ibuprofeni kwa ajili ya homa au mwili kuuma. Huzuia maji yasitoke na kuchokoza figo, hasa kwa mwenye moyo dhaifu. Parasetamoli ni salama zaidi kwa dozi ya kawaida.
• Dawa za mafua zinazofungua pua. Baadhi hupandisha presha. Mweleze mwuza dawa kwamba una presha kabla hujalipa.
• Klorokwini, hidroksiklorokwini na azithromaisini za kujinunulia. Zinaweza kuvuruga umeme wa moyo, tena zaidi zikichanganywa.
• Kujifukiza kwa muda mrefu chini ya blanketi zito. Joto hushusha presha ya mtu anayetumia dawa, akainuka na kuanguka, na sufuria ya maji moto iko miguuni pake.
• Mchanganyiko mkali wa vitunguu saumu, tangawizi na mitishamba kwa anayetumia warfarini. Kidogo cha kwenye chakula hakina neno. Vikombe kwa vikombe kila siku vinaweza kuvuruga ugandaji wa damu.

KLINIKI: KIPI KISUBIRI, KIPI KISISUBIRI

Si kila miadi ina uzito sawa, na kuijua tofauti kutakupunguzia wasiwasi.

Usiahirishe: kipimo cha damu kwa anayetumia warfarini, sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne kwa mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, kidonda cha upasuaji kinachotoa maji au usaha, mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo, mtoto mwenye tundu kwenye moyo anayebadilika rangi ya midomo akilia au kunyonya. Hii sindano ya penisilini naisisitiza kwa sababu wanaoihitaji wengi ni vijana na watoto wa shule wanaojisikia wazima kabisa. Akiikosa, koo moja tu la kawaida linaweza kurudisha homa ile na kuimaliza vali iliyobaki. Sindano hiyo, kama kliniki itakubali kuandika barua, inaweza kuchomwa kwenye kituo cha afya cha jirani, si lazima hospitali kubwa.

Uliza kwa simu kwanza: miadi ya kawaida ya presha kama vipimo vya nyumbani viko sawa, kubadilishiwa dozi, matokeo ya vipimo.

Yanaweza kusogezwa, kwa idhini ya daktari: picha ya moyo ya kila mwaka kwa mtu ambaye hajabadilika. Ukiahirisha, pewa tarehe mpya hapo hapo. Miadi isiyo na tarehe imefutwa, hata kama hakuna aliyekuambia hivyo.

Njiani na hospitalini mambo ni machache: barakoa inayobana puani, usafiri wenye hewa kama bajaji kuliko daladala iliyojaa, msindikizaji mmoja, kukaa karibu na dirisha au nje mpaka uitwe jina, mikono kuoshwa ukitoka. Kwa ugonjwa unaoenezwa kwa kugusana, kama Ebola au Marburg, cha kuogopa ni majimaji ya mwili wa mgonjwa, hivyo fuata njia utakayoelekezwa getini. Ukiwa na homa au kikohozi kiseme mapokezi, na useme moyo pia. Moyo uliochoka hukohoza na kuhema kama mapafu yenye ugonjwa, na ukitaja kimoja tu unaweza kupelekwa foleni isiyo yako.

Chanjo ikiwepo, wenye ugonjwa wa moyo mara nyingi huwa kwenye kundi la mwanzo. Muulize daktari wako wa kliniki, si kikundi cha ukoo.

HOFU YENYEWE NAYO IPEWE DAWA

Mgonjwa mmoja aliniambia kwamba alikuwa akipima presha mara kumi na mbili kwa siku. Ya kwanza 140, anaogopa. Ya pili 155, anaogopa zaidi. Ya tatu 170, anameza kidonge cha ziada. Jioni anaanguka bafuni, presha iko chini. Mashine yake haikuwa na kosa. Ilikuwa inapima hofu yake.

1. Pima presha asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, baada ya kukaa kimya dakika 5, mkono juu ya meza. Andika. Kisha ifungie mashine kabatini. Usiongeze kidonge bila kuelekezwa.

2. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo zile zile.

3. Habari za mlipuko sikiliza mara moja kwa siku, kutoka chombo kimoja unachokiamini, mchana. Taarifa za saa tatu usiku hulala nawe.

4. Hofu ikipanda na dalili za kwenye kisanduku hazipo, kaa wima, vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa polepole kwa mdomo ukihesabu 6, kwa dakika 5. Usibane pumzi. Anayezoea dhikri au sala afuate mwendo huo huo wa pumzi, mwili hautofautishi.

5. Tembea. Hata ndani ya uwanja, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kama daktari hajakukataza.

6. Usingizi ukikutoka wiki mbili, chakula kikikosa ladha, au ukianza kuona afadhali ufe, mwambie daktari wa moyo maneno hayo hayo. Yanatibika, na yanauathiri moyo wako pia.

KWA UNAYEUGUZA

Usimuulize mzazi "unataka twende hospitali?" Atasema hapana, maana swali limempa nafasi ya kukuonea huruma wewe, nauli yako na kazi yako. Sema: "Mama, gari limefika, nakuletea viatu." Akisema anaogopa korona, usimwambie kwamba hakuna cha kuogopa. Mwambie: "Nami naogopa. Tutavaa barakoa, tutakaa nje, sitakuacha peke yako mpaka mlangoni watakaponizuia." Akiogopa kulazwa bila ndugu, mpe simu yenye chaji na mkubaliane saa ya kumpigia, kisha upige saa hiyo hiyo.

Angalia bila kuuliza: mito imeongezeka? Viatu vimeanza kubana? Anakaa kupumzika kati ya chumba na choo? Pakiti ya dawa ina vidonge vingi kuliko tarehe inavyoruhusu? Wazee wetu husema "sijambo" huku wakihema.

Shangazi tulimpeleka asubuhi yake. Alilazwa siku tisa, akatolewa maji, akarudi na uzito pungufu kwa kilo saba na mto mmoja. Karatasi yake imebandikwa kando ya mlango wa jikoni, imelowa mafuta kwenye pembe. Chini ya jina la dereva pana mikwaju miwili ya kalamu nyekundu: wa kwanza alihamia mkoa mwingine, wa pili aliuza bajaji. Namba ya tatu iliandikwa mwezi uliopita, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeipiga kuhakikisha inaita.